Amemaliza picha zake zote za vipande: mtoto wa miaka minne anunuliwe nini sasa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne na miezi michache. Tangu aanze shule ya awali amependa kupita kiasi picha za vipande za kuunganisha. Zile za vipande 24 alizonazo anazimaliza kabla sijamaliza kukuna nazi moja, kisha anazibomoa na kuanza upya. Nilimnunulia ya vipande 100 yenye picha ya ufukwe. Siku ya kwanza alilia, siku ya pili akaisukuma chini ya kitanda. Baba yake anaona wakati umefika wa kumnunulia tableti yenye michezo ya akili. Tuna shilingi elfu hamsini za kutumia, tunaishi Tanga, na nyumbani yumo mdogo wake wa miezi kumi na moja anayetia kila kitu mdomoni. Tununue nini? Na je, mapenzi haya ni dalili kwamba ana akili ya pekee?

Jibu: Marahaba, mama. Nitatanguliza jibu, sababu zitafuata. Kwa sasa msinunue picha nyingine ya vipande, wala msinunue tableti kwa ajili ya jambo hili. Sehemu kubwa ya fedha yenu ipelekeni kwa fundi seremala awatengenezee matofali ya mbao ya kuchezea. Kiasi kinachobaki kitawatosha kwa gundi na mkasi mzuri, na vingine vyote nitakavyovitaja mtavipata nyumbani au kwa fundi cherehani wa mtaani kwenu. Mtoto anayependa mafumbo ana haja ya kukwama kwa namna ambayo hajawahi kukwama, na fumbo lilelile lililoongezwa ukubwa mara nyingi halimpi nafasi hiyo.

Chukulieni hiyo picha iliyo chini ya kitanda. Maduka hupanga ugumu wa picha kwa idadi ya vipande, nasi wazazi tumezoea kusoma namba iliyo juu ya boksi kana kwamba ni namba ya kiatu. Binti yako alipotoka kwenye 24 kwenda 100, vipande viliongezeka zaidi kidogo ya mara nne, lakini tazama kilichotokea kwa jozi zinazoweza kujaribiwa: vipande 24 vinatoa jozi 276, ilhali vipande 100 vinatoa jozi 4,950. Hiyo ni karibu mara kumi na nane. Juu ya hapo, aina yenyewe ya ugumu ilibadilika. Katika picha ya vipande 24 karibu kila kipande kina habari yake: hapa jicho la tembo, hapa nusu ya gurudumu, pale mkono ulioshika puto. Mtoto wa miaka minne huunganisha kwa kufuata habari hizo. Picha ya ufukwe, kinyume chake, ina mbingu, maji na mchanga, na vipande thelathini vya buluu vinavyofanana havimwambii kitu, kwa sababu tofauti yao imo katika umbo la kingo zao tu, na kusoma kingo ni ujuzi ambao wengi wa umri wake hawajaupata. Kwa hiyo hakushindwa kwa uvivu. Alipewa kazi ya aina nyingine bila mtu kumwonyesha kwamba ni nyingine.

Itoeni hiyo picha, ila msimkabidhi ikiwa imevurugwa yote. Usiku akiwa amelala, wewe au baba yake iunganisheni mpaka mwisho juu ya sinia kubwa au ubao, kisha mtoe vipande kumi tu, vyenye habari ya kutosha, kama vile ngalawa, mnazi au mtu aliyevaa kofia. Asubuhi akute picha yenye matundu. Atayaziba kwa dakika chache na atajisikia ameimaliza picha kubwa, jambo ambalo ni kweli. Mara nyingine mtoe ishirini, na katika hivyo kiwemo kipande kimoja au viwili vya mbingu. Akifika kwenye hicho cha mbingu, mwonyesheni kidole kwenye kingo: hapa pametokeza, hapa pameingia, sasa tutafute tundu lenye umbo la namna hiyo. Kwa njia hii, kabla hajatimiza miaka mitano anaweza kuwa anaanza picha hiyo mwenyewe toka mwanzo, na kama bado, hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kununua lolote, nakuomba umtazame akicheza kwa siku kadhaa bila kumsemesha, kwa maana watoto wawili wanaweza kupenda picha za vipande kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa. Yupo anayependa umbo kuingia katika umbo. Huyu anazungusha kipande mkononi kabla ya kukiweka, na ukimgeuzia vipande upande usio na picha ataendelea kuviunganisha kana kwamba hakijatokea kitu. Yupo anayependa picha inavyojitokeza, naye husimulia anapocheza: huyu ni mama yake, huyu anakwenda sokoni. Na yupo anayependa mpangilio, ambaye kabla ya kuanza hupanga vipande kwa safu au kwa rangi na hukasirika kimoja kikipotea. Wa kwanza atafurahia zaidi matofali na maumbo, wa pili kadi na vitendawili, wa tatu michezo ya kuhesabu na kupanga. Binti yako anabomoa na kuanza upya, hivyo nadhani anapenda kitendo chenyewe kuliko picha, lakini wewe ndiye unayemwona na uamuzi wako utakuwa bora kuliko wangu.

Nije kwenye matofali, ambayo ndiyo ninayoyapa uzito kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mmoja wa New York, Caroline Pratt, alibuni matofali ya mbao yasiyopakwa rangi, yenye uwiano ambao hadi leo unatumika katika shule za awali za nchi nyingi: unene ni nusu ya upana, na upana ni nusu ya urefu. Tofali la msingi lina unene wa takriban sentimita 3.5, upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 14. Mpeni seremala vipimo hivyo, mwambieni akate ishirini za namna hiyo, kumi na mbili za nusu yake zenye urefu wa sentimita 7, nane za mara mbili yake zenye urefu wa sentimita 28, na nne za nusu azipasue kona kwa kona zitoe pembetatu. Mabaki ya karakana yanatosha kwa kazi hii, na hapo ndipo bei inapopatana. Mambo mawili msiyalegezee. Mbao zisiwe zile za kenchi zilizotiwa dawa ya mchwa, ambazo aghalabu huwa na rangi ya kijani kibichi, maana mtoto mchanga atazitafuna. Na vipimo viwe sahihi. Fundi anayekata kwa kukadiria atawapa vipande vya mbao tu, kwa sababu uzuri wote wa matofali haya umo katika kwamba mawili ya nusu yanalingana kabisa na moja la msingi, na mawili ya msingi yanalingana na lile refu. Yakishakatwa yapigwe msasa mpaka kingo zisichome kiganja. Rangi haihitajiki, na rangi ya zamani isiyojulikana asili yake ni hatari kwa kuwa inaweza kuwa na madini ya risasi.

Lipo jambo ambalo wazazi wa watoto wapenda mafumbo hulalamikia, nalo ni kwamba mtoto wao akipewa matofali huyatazama tu, hajui ayafanyie nini. Ni kweli, na sababu yake inaeleweka: picha ya vipande inakuja na swali lake, matofali hayaji na swali lolote. Basi siku za mwanzo mpeni maswali. Jengeni daraja ambalo gari lake la kuchezea litapita chini yake bila kugusa. Jengeni kuta mbili zenye kimo kimoja, lakini ukuta wa pili usitumie tofali hata moja la aina iliyotumika katika ule wa kwanza. Chukueni lile tofali refu, mlilaze sakafuni, mtafute njia zote za kutengeneza urefu wake kwa matofali mengine: mawili ya msingi, au manne ya nusu, au moja la msingi na mawili ya nusu. Baba yake anaweza kujenga umbo dogo la matofali matano nyuma ya boksi, aliondoe boksi ili mtoto alitazame, kisha alifunike tena na mtoto ajenge kama alivyoliona. Boksi likiinuliwa, kosa analiona kwa macho yake, wala hahitaji mtu wa kumwambia amekosea.

Hilo la mwisho ni kipimo ambacho ningependa mkichukue mkienda dukani. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alihakikisha kwamba vifaa vingi alivyovibuni vinamwonyesha mtoto kosa lake vyenyewe: silinda isiyo ya tundu hilo haiingii, mnara wa michemraba kumi ya kuanzia sentimita 10 hadi sentimita 1 unapopangwa vibaya jicho linaona kasoro. Kifaa kinacholia honi kila mtoto anapokosea, au kinachopiga makofi kila anapopatia, kinamnyima nafasi hiyo ya kuchunguza, licha ya kwamba kinawamalizia betri na subira. Tena msisahau kwamba jikoni mna seti ya sufuria zinazoingiana pamoja na mifuniko yake. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni rahisi, lakini mfungeni macho kwa leso na mumwambie atafute mfuniko wa kila sufuria kwa kupapasa, mtaona inavyogeuka fumbo gumu.

Kwa maumbo bapa, chukueni katoni ngumu, mkate miraba kumi na miwili ya sentimita 6, mpasue sita kati yake kona kwa kona ili mpate pembetatu kumi na mbili. Anzeni na pembetatu mbili peke yake. Zikikutanishwa kwa upande wao mrefu zinatoa mraba. Zikikutanishwa kwa upande mfupi zinatoa pembetatu kubwa zaidi. Na moja ikizungushwa nusu mzunguko kabla ya kukutanishwa na nyenzake kwa upande mfupi, zinatoa msambamba, yaani lile umbo la mraba ulioegemea upande. Mchoreeni maumbo hayo matatu kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, bila mstari wa katikati, mumwambie ayafunike. Mtoto aliyezoea picha za vipande atajaribu kwanza kusukuma kipande, kisha atakizungusha, na siku moja atanyamaza kidogo akitazama kabla ya kugusa chochote. Ukiuona ukimya huo, jua anazungusha umbo kichwani, na hapo msaidieni kwa kutosema kitu. Baadaye mchoreeni nyumba, samaki, dau lenye tanga, na mumpunguzie mistari ya ndani kadiri anavyozoea. Wachina wana fumbo la vipande saba la jamii hii liitwalo tangramu, na likipatikana kwa bei nafuu linafaa, ila kwa umri wake hivyo vya katoni vinatosha na havina huzuni kikipotea kimoja.

Kwa fundi cherehani ombeni vipande vya vitenge na khanga vilivyobaki. Mkigundisha vipande hivyo kwenye miraba ya katoni, viwili viwili vya kitambaa kimoja, mtapata kadi za kutafuta jozi: zote zinalazwa kifudifudi, kila mmoja kwa zamu anafunua mbili, zikifanana anazichukua, zisipofanana anazirudisha palepale. Jozi sita zinatosha kuanzia. Nazipendelea hizi kuliko kadi za dukani zenye picha ya tufaha na tufaha lile lile, kwa sababu vipande viwili vya kitenge kimoja havilingani kabisa. Kimoja kitakuwa na ua zima, kingine nusu ya ua na jani, na mtoto analazimika kuamua kama ni kitambaa kilekile au siyo. Msishangae akiwashinda, wala msijiachie mshindwe kwa makusudi, maana watoto hutambua haraka.

Picha za kuunganisha zenyewe mnaweza kuzitengeneza kwa kalenda ya mwaka uliopita, iliyogundishwa kwenye katoni na kukatwa kwa mistari mliyoichagua nyinyi, na hapo idadi na ugumu viko mikononi mwenu. Kwa kadiri inavyojulikana, hata picha za vipande za kwanza zilianza kwa ramani: John Spilsbury, mtengenezaji ramani wa London, katika miaka ya 1760 aligundisha ramani kwenye ubao na kuikata kwa kufuata mipaka, ili watoto wajifunze jiografia. Akikaribia miaka mitano na nusu hivi, fanyeni hivyo kwa ramani ya Tanzania ya mikoa, mkiiacha Dar es Salaam imeungana na Pwani na mikoa ya Zanzibar ikiwa vipande viwili tu, Unguja na Pemba, maana ni midogo mno kukatwa. Kila mkoa una umbo lake lisilofanana na la mwingine, hivyo kingo zinasomeka vizuri, naye ataanza kwa Tanga yake na kutafuta majirani: Kilimanjaro, Manyara, Morogoro, Pwani.

Michezo ya kuhesabu haimo katika swali lako lakini inahusika, na mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Chora mstari wa miraba kumi inayofuatana kutoka kushoto kwenda kulia, uandike ndani yake 1 hadi 10. Tengeneza kipini cha kuzungusha au kete yenye namba 1 na 2 tu, na kila mchezaji awe na kifuniko chake cha soda. Watafiti wa Marekani Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kucheza mchezo wa aina hii na watoto wa shule za awali kutoka familia za kipato kidogo: baada ya vipindi vichache vya robo saa, vilivyojumlisha kama saa moja, ufahamu wao wa namba uliongezeka, ilhali wenzao waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakuonyesha ongezeko hilo. Siri yake imo mdomoni. Mtoto aliye kwenye 5 akipata 2, aseme "sita, saba" anaposogea, asiseme "moja, mbili." Mkiuacha mwiko huo mchezo unabaki kuwa kusukuma vifuniko. Nyoka na ngazi ya madukani, yenye miraba 100 inayopanda kwa kupindapinda, naiona ni mapema kwake.

Nanyi mnaishi Tanga, ambako komwe hazitafutwi mbali, kwa hiyo sioni sababu ya mtoto wenu kukua bila bao. Bao kamili lenye safu nne za mashimo manane na kete 64 ni la watu wazima, tena waliotulia, lakini kitendo chake cha msingi, yaani kuchota kete za shimo moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, kinamfaa kabisa wa miaka minne. Kateni trei ya mayai mbakize safu mbili za mashimo sita, muweke kete mbili katika kila shimo, na sheria iwe moja tu kwanza: unachota upande wako, unapanda kwa kuzunguka upande mmoja, na kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu zamu inakwisha, ikiangukia shimo lenye kete unazichota zote na kuendelea. Hakuna kushindana. Muda si mrefu ataanza kutazama mbele, akikisia kwa kidole kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla ya kuchota. Akifikia hapo, kukamata kete za mwenzake kunaweza kuongezwa, na babu au mjomba anayecheza barazani atajua namna ya kumwingiza polepole kuliko mimi ninavyoweza kuandika hapa.

Vitendawili nitavitaja kwa ufupi, si kwa kuvidharau bali kwa sababu mnavijua. Mpeni vile vya vitu anavyovishika kila siku, kama "nyumba yangu haina mlango" ambayo ni yai, au "popoo mbili zavuka mto" ambazo ni macho, na baada ya hapo mwachieni atege vyake. Vitendawili vya mtoto wa miaka minne kwa kawaida ni vya ajabu, vingine jibu lake liko wazi mno na vingine halina mantiki yoyote, nanyi jibuni kwa heshima kamili, mkimpa mji pale mnaposhindwa.

Swali la namna ya kumsaidia hukuliuliza, lakini machozi ya siku ile yanalidai. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza mwaka 1976 jinsi mwalimu mmoja alivyowasaidia watoto wa miaka mitatu, minne na mitano kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Wa miaka mitatu walihitaji zaidi kuvutwa wabaki katika kazi yenyewe. Wa miaka minne walihitaji maneno ya kuwaelekeza na kuwarekebisha. Wa miaka mitano walimtumia mwalimu zaidi kuthibitisha kwamba kile walichokifanya ni sawa. Binti yako yupo katikati. Akikwama, kwanza subiri. Akiendelea kukwama, sema jambo moja kuhusu kipande: "Hiki kina ukingo ulionyooka, unadhani kinakaa pembeni au katikati?" Ikishindikana, weka mbele yake vipande vitatu badala ya thelathini umwambie kimojawapo ndicho chenyewe. Kumwekea kipande mahali pake iwe hatua ya mwisho, na hata hapo kiweke nusu, yeye akisukume. Akilia, picha ifunikwe kwa kanga na ibaki palepale mpaka kesho. Kuivunja ili "aanze vizuri" ni kumwongezea msiba.

Kuhusu akili ya pekee, nitakuwa mwangalifu. Susan Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwafuatilia watoto 53 nyumbani kwao, na wakaona kwamba waliocheza na picha za vipande kati ya miezi 26 na 46 walifanya vizuri zaidi walipofika miezi 54 katika zoezi la kuzungusha na kuunganisha maumbo. Hilo ni kuhusiana tu. Haliwi uthibitisho kwamba picha ndizo zilizoleta uwezo huo, wala halisemi lolote juu ya akili kwa jumla. Binti yako ana shauku na subira, na hivyo viwili ni mtaji mzuri bila kuongezewa jina. Jambo jingine la utafiti ule lawahusu wazazi wa mabinti: wavulana kwa wastani walionekana wakicheza na picha ngumu zaidi, na wazazi wao walijihusisha zaidi na kutumia zaidi maneno ya nafasi na maumbo. Basi mnapocheza naye msimwonee huruma ya kumchagulia rahisi, na semeni naye kwa maneno hayo: zungusha, pindua, kona, ukingo, mkabala, katikati ya hiki na kile, juu kidogo kushoto.

Baba yake simlaumu, kwa kuwa tableti ina michezo mingi kwa bei ya kifaa kimoja. Lakini elfu hamsini haitanunua tableti ya kutegemewa, na katika programu nyingi za picha za vipande, kipande huja kikiwa tayari kimegeuzwa upande sahihi na hujinasa chenyewe kikikaribia mahali pake, hivyo ule ujuzi wa kuzungusha ambao ndio tunaoutaka hautumiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka mitatu hadi minne asizidishe saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na kupungua ni bora zaidi. Akitumia simu yenu mara moja moja mkiwa mmekaa naye, sitawapigia kelele.

Mwisho ni huyo wa miezi kumi na moja, ambaye ndiye atakayeamua ratiba. Matofali ya vipimo nilivyotaja hayaingii mdomoni, kwa hiyo hayo yawe ya sakafuni, wacheze wote wawili, na mdogo apewe kazi ya kubomoa, ambayo ataifanya kwa bidii. Kitu chochote kinachopita katika kiini cha karatasi ya chooni kihesabuni kuwa kinaweza kumkaba: komwe, vifuniko vya soda, vipande vya picha vya katoni vilivyolowa mate. Vifaa vya dukani vyenye betri bapa za duara ambazo mfuniko wake haukufungwa kwa skrubu visiingie nyumbani kabisa, kwani betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, na sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni vivyo hivyo hatari, maana mbili zikimezwa hubana utumbo katikati yake. Mtoto akimeza kimojawapo apelekwe hospitali papo hapo, hata kama haonyeshi dalili yoyote. Vitu vidogo vyote viwe vya mezani, katika saa ambayo mdogo amelala, na vikae katika kopo lenye mfuniko wa kuzungusha juu ya kabati. Komwe ishirini na nne zikitoka, ishirini na nne zirudi kabla mezani hapajaondoka mtu, na kazi ya kuzihesabu mwachieni dada mtu.